Santuri ya Mjane na Kinubi Chake

Jumamosi moja usiku mwalimu wetu wa muziki alitupigia bwaloni santuri ya jazi itokayo Marekani, iitwayo *Journey in Satchidananda*. Kabla upande wa kwanza haujakwisha, wenzangu watatu walikuwa wamekwisha ondoka. Walisema wimbo hauendi popote. Ni kweli, hauendi, na ningependa kuwaeleza wasomaji sababu yake.

Aliyeitunga ni Bibi Alice Coltrane, mzaliwa wa Detroit, mwaka 1937. Mumewe, John Coltrane, alikuwa mpiga saksafoni mwenye sifa kubwa. Alifariki Julai 1967, umri wake miaka 40, akamwacha mkewe wa miaka 29 na watoto wanne wadogo. Bwana huyo alikuwa ameagiza kinubi kikubwa; kilipoletwa nyumbani, mwenyewe keshakufa. Mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa piano, akaketi kukipiga.

Katika msiba ule alitafuta faraja kwa mwalimu wa dini kutoka kusini ya India, Swami Satchidananda, yule aliyefungua tamasha la Woodstock mwaka 1969. Jina lake limeungwa kwa maneno matatu ya Kisanskriti: kuwako, ufahamu, na furaha. Santuri ilirekodiwa nyumbani kwa Bibi Alice, Dix Hills, katika jimbo la New York, Novemba 1970, ikatolewa mwaka 1971.

Sasa tuusikilize wimbo wa kwanza. Katika jazi iliyozoeleka, wapigaji hufuata mafungu ya sauti yabadilikayo, kama mtu apandaye ngazi. Hapa tambura, ala ya Kihindi yenye shingo ndefu, huvuma vile vile tu, kama nyuki mzingani. Juu yake Cecil McBee hurudia rudia kifungu kifupi cha besi. Ndipo kinubi huingia, nyuzi zikimwagika kama maji, na Pharoah Sanders hupuliza saksafoni ya soprano polepole, mithili ya mtu asemaye na nafsi yake. Kwa kuwa chini hakuna kinachohama, hata sauti ndogo ya juu husikika.

Kipande cha mwisho si cha Kihindi. Kinaitwa "Isis and Osiris", miungu ya Misri ya kale, nacho kilipigwa mbele ya watu katika klabu ya Village Gate, New York, Julai 1970. Humo Vishnu Wood anapiga udi, na sisi watoto wa pwani tuliruka vitini, maana ndiyo ala ile ile ya taarabu! Katika hadithi hiyo Isis ni mke azungukaye kumtafuta mumewe aliyeuawa. Sidhani kwamba mjane huyu alilichagua jina hilo bure.

Lakini mimi napenda zaidi kipande cha nne, "Something About John Coltrane", ambamo Bibi Alice anarudia piano yake ya zamani. Baba yangu alifariki mwaka jana. Nilimwomba mwalimu akirudie kipande hicho, naye akakirudia mara mbili, hata kengele ya kulala ikalia.