Vyumba vya uani Lushoto: Pima mteremko kabla ya kupima faida

MKULIMA wa Lushoto anayepeleka karoti na kabichi Dar es Salaam anajua bei inaweza kuanguka gari likiwa bado njiani. Kodi ya chumba haina mchezo huo. Ndiyo maana mwenye kiwanja karibu na mji huvutiwa kujenga vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba yake, akiwalenga walimu, wauguzi na wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama.

Majengo hayo ni ya namna kadhaa. Lililozoeleka ni banda la uani, lenye vyumba viwili au vitatu vilivyopangana na choo chake (wengi hukwepa kuliita "nyumba ndogo", kwa sababu inayojulikana). Wengine huongeza chumba ubavuni mwa nyumba kubwa, au hugeuza ghala la viazi kuwa chumba. Aliye kando ya barabara hufikiria fremu za duka, lakini fremu kwenye kiwanja cha makazi ni biashara, na huhitaji ruhusa ya kubadili matumizi.

Swali la kwanza ni ardhi iko chini ya nani. Kiwanja kilichopimwa mjini kinaangukia Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na kibali cha ujenzi huombwa halmashauri kwa kupeleka uthibitisho wa umiliki na ramani ya jengo. Kuwa na kibali cha nyumba kubwa hakutoshi, kwani banda la uani ni jengo jingine. Kijijini inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mlango wa kwanza ni halmashauri ya kijiji. Kama shamba ni la ukoo, makubaliano ya ndugu yaandikwe kabla tofali la kwanza halijalazwa. Ugomvi wa ndugu ukianza, chumba hukaa bila mpangaji huku kesi ikizunguka kwenye mabaraza ya ardhi.

Kilicho kigumu zaidi Usambara ni mteremko. Ili kupata nafasi, fundi huchonga ukingo nyuma ya nyumba, kisha udongo huishia kumwagwa upande wa bondeni na banda hujengwa juu yake. Msingi uliokaa juu ya udongo wa kujaza hutitia, na ukingo uliochongwa wima hulainika masika. Novemba 2009, maporomoko ya udongo huko Mamba Miamba, wilayani Same, kwenye milima jirani ya Upare, yaliua watu zaidi ya 20.

Wakulima wa Lushoto hawahitaji kufundishwa upya jambo hili. Mradi wa SECAP, ulioanza mwaka 1981, ulihimiza makinga maji na matuta yanayofuata kontua. Anayevunja tuta ili apate uwanja wa banda anafungulia maji njia, na mara nyingi njia hiyo hupita kwa jirani wa chini. Ukingo unahitaji mfereji juu yake na ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji. Bondeni nako si pa kukimbilia: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

Gharama hizo ziingie kwenye hesabu. Tuseme vyumba vitatu vinapangishwa kwa sh. 30,000 kila kimoja kwa mwezi. Kwa mwaka ni sh. 1,080,000. Banda likigharimu sh. milioni 9, fedha hurudi baada ya miaka minane na zaidi, tena kama hakuna chumba kilichokaa kitupu wanafunzi wakiwa likizo. Ukuta wa mawe ukiongeza sh. milioni 2, ni takriban miaka miwili zaidi, na hapo ndipo wengi huamua kuuacha.

Kwa asiye na fedha ya ukuta, chumba kimoja ubavuni mwa nyumba, kwenye uwanja uliokwisha kusawazishwa na kushindiliwa na miaka, kinafaa kuliko vitatu chini ya ukingo mbichi. Na anayetaka kuchagua mahali asubiri mvua kubwa ya masika, kisha azunguke uani na kuona maji yanapita wapi.