Nani Anapashwa? Nafsi ya Pili katika Kanda za Mipasho

Katika miaka ya 1990, baa na kumbi za Kinondoni na Temeke zilijaa wafuasi wa vikundi viwili hasimu, Muungano na Tanzania One Theatre (TOT). Onyesho moja lilikusanya ngoma, sarakasi, vichekesho na taarab. Kilele kilikuwa mipasho, Nasma Khamis akiimbia Muungano na Khadija Kopa TOT. Mtafiti wa leo hutegemea kanda za sauti. Je, zinatosha?

Tutunge mfano: "Wewe unayeringia cha kuazima, mwenyewe akija utavaa nini?" Kisarufi, kiambishi u- ni cha nafsi ya pili umoja. Kimatumizi, hakina mtu. Mwimbaji hataji jina. Akiulizwa, atajibu kuwa ule ni wimbo tu. Anayeijaza nafasi hiyo ni msikilizaji. Mwanamke huinuka kwenda kutunza, noti mkononi, na njiani humpitia hasimu wake na kumnyooshea kidole ubeti huohuo ukiimbwa. Papo hapo "wewe" amepatikana, na ukumbi mzima umemjua. (Hasimu naye, akiwa na noti, husubiri ubeti wake.)

Kanda hunasa vigelegele, kidole hainasi. Kwa hiyo wanaoshikilia, kwa kusoma maneno yaliyonukuliwa kutoka kandani, kwamba mipasho ilikuwa ugomvi wa waimbaji wawili, wameuacha nje ugomvi wenyewe. Waliokuwamo ukumbini wengi wangali hai. Waulizwe nani alitunza, katika ubeti upi, na nani aliondoka mapema.