Mota Mbili Tofauti: Difu au Gia Moja?

Mwenye CIM na Mini CIM, mota zilizozoeleka katika mashindano ya roboti ya FIRST huko Marekani, hushawishika kuzifunga kwenye difu: kila moja izunguke kwa kasi yake, difu ijumlishe. Kwa roboti ya kusukumana uwanjani, nasema pesa ya difu isitoke.

Difu hujumlisha kasi. Nguvu ya kuzungusha huigawa sawa kwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo mota dhaifu ndiyo inayoweka kikomo. Kwa volti 12, CIM iliyozuiwa isizunguke hutoa newtoni-mita 2.4 hivi, Mini CIM 1.4. Sasa roboti ikwame: magurudumu yamesimama, lakini ndani ya difu CIM inaendelea mbele na kuizungusha Mini CIM kinyumenyume. Nimepiga hesabu nikapata zaidi ya mizunguko 1,400 kwa dakika, na mota hiyo ndogo ikivuta ampea kama 110, ilhali ikizuiwa tu huvuta 89. Inaungua bila roboti kusogea hata hatua! Na kabla ya kupunguza mwendo kwa gia, difu inatoa newtoni-mita 3.5, ilhali mota zilezile zikizungusha gia moja kwa pamoja zingetoa 3.8.

Gia moja inawezekana kwa sababu kasi zao zisipobeba mzigo, 5,330 na 5,840, hazipishani hata asilimia 10. Ukitaka zilingane zaidi, badilisha pinioni.

Kwa bei, CIM imeuzwa karibu dola 30, Mini CIM dola chache pungufu. Uzito ni kilo 1.27 na 0.98. Nafuu hiyo ndogo ya kutumia Mini CIM badala ya CIM ya pili inamezwa na gia, beringi na kasha la difu. Anayeanza bila chochote atazame mota ya NEO, iliyoingia 2019: mbili hazifiki kilo moja, ingawa kila moja inadai kidhibiti chake, nacho kina gharama.

Difu ina mahali pake. Toyota Prius ya 1997 huunganisha injini na mota kwa gia za sayari, ambazo nazo ni difu ya aina yake, kompyuta ikipanga kasi ya kila upande. Anayetaka kujaribu hivyo kwenye roboti anunue na breki ya kila mota, kwani mota iliyokatika umeme bila breki itazungushwa ovyo na gurudumu halitapata nguvu yoyote.