Kutoka Mabanga Hadi Juko: Shika Rada Mapema

Kama uko Mabanga, Kanduyi, Kiminini ama hapo Kitale tao, na kila mtu akikuona anauliza "huko juu kuna baridi?", hii stori ni yako. Na wewe manzi mwenye unadunda na maboi hadi wanaskia vibaya, kuja pia.

Kwanza tuelewane. Hakuna kochi wa Marekani atapanda mat Webuye, ashuke stage ya Mabanga, aulize "yule mrefu anakaanga wapi?" Hiyo ni muvi. Huku kwetu msee wa kukutafutia timu ni wewe mwenyewe, na hiyo simu yako yenye kioo imepasuka.

Wengi wakisema wanataka kucheza basketi majuu, wanawaza Duke na Kentucky. Ota tu, ni bure. Lakini kuna njia ingine yenye watu hawaibonganga sana: juko, zile koleji za miaka mbili. Unaenda, unacheza, unapata diploma yao, halafu unahamia chuo kikuu cha miaka minne kumalizia digrii na bado uko uwanjani. Chama chao, NJCAA, kiliundwa 1938, so si kitu ya jana. Jimmy Butler mwenye unamwona NBA alianzia Tyler Junior College kule Texas kabla aende Marquette.

Na Mkenya amepita hapo. Tylor Ongwae alicheza Ranger College, Texas, akahamia Louisiana-Monroe, kisha akaenda kusaka mkate Ulaya, hadi Bakken Bears ya Denmark. Februari 2021, huko Yaoundé, Kenya ilikuwa inakazana na Angola, mabingwa wa Afrika mara mob. Sekunde zimeisha, Ongwae akaachilia ile shoti, 74-73. Kenya ikaenda AfroBasket mara ya kwanza tangu 1993. Huyo ni mtoi wa juko, mazee.

Kwa manzis, cheki Madina Okot, msichana wa Mumias, majirani wetu kabisa. Yeye hakupitia juko: alitoka Kaya Tiwi, akaenda Zetech, kisha Mississippi State na South Carolina. Lakini somo lake ni letu pia. Kaya Tiwi ni shule yenye hufika nesheno, na ukiwa nesheno macho ni mengi.

So kama bado uko shule, usichezee temu ya kwanza, ju hapo ndo basketi huchezwa. Wa Bungoma wanapandia Western, kwenye kuna majina mazito ka Kamusinga na Butere Girls. Wa Kitale wanapitia Rift Valley. Mkipatana ni nesheno, na ukipenya hapo kuna game za Afrika Mashariki. Shule yako ikitolewa mapema, usilie. Mechi imechezwa, na video iko.

Video yenye kochi anataka

Hapa ndo wasee huangukia. Unampata mtu amekata klipu kumi za danki, ameweka ngoma ya Wakadinali juu, ameslo-moshen kila kitu. Kochi haoni mpira, anaona sherehe. Hata hajui kama hizo danki ulipiga na vitoto vya fomu wan.

Fanya hivi. Omba beshte mwenye mkono haitetemeki apande juu ya dawati kwa laini ya kati. Simu ilale, isisimame. Asizumu, asishangilie. Awachukue wote kumi, mechi nzima, hata ile kwota yenye ulikuwa unapumua ka ng'ombe. Kochi anataka kuona ukipoteza mpira unarudi mbio ama unashika kiuno. Anataka kuona ukiongea kwa difensi. Ringi yenu haina neti na uwanja ni simiti imepasuka? Hajali. Namba ya jezi yako ionekane, hiyo tu. Halafu tengeneza klipu fupi ya dakika tatu, weka zote mbili YouTube.

Kisha imeili. Ya adabu na fupi: jina, mwaka wa KCSE na gredi, pozisheni, urefu, linki, namba ya kochi wako. Urefu upimwe bila raba, na usiongeze inchi. Ukifika huko na futi sita na ulisema sita na nne, aibu ni yako. Tuma kwa koleji mob, kila moja na jina la kochi wake. Ile ya kukopi na kubandika wanaijua.

Skola si skola

Msee akikushow "nimepata skola", muulize divisheni gani. Divisheni ya Kwanza ya NJCAA inaweza kukulipia karo, vitabu, pa kulala na dishi. Ya Pili inaishia karo na vitabu, so keja na chakula ni juu yako. Ya Tatu haina skola ya michezo. Na koleji za miaka mbili za California ziko na chama chao, hazipeani skola ya michezo hata uruke ka swara.

Hii ni muhimu ju ofisa wa visa pale Gigiri atakuuliza nani analipa hiyo ingine. "Khocha atasaidia" si jibu. Karatasi ya benki ya khocha ndo jibu. Koleji ikikukubali inakutumia fomu ya I-20. Hapo unalipa ada ya SEVIS dola 350, karibu 45,000 za Kenya, na visa dola 185. Ukinyimwa, hizo za visa hazirudi. So kabla mathe auze ng'ombe na kanisa ipige harambee, hesabu zote ziwe mezani.

Na wakora wako. Ukiona "ajenti" wa WhatsApp anataka 80,000 kwa M-Pesa ndo "akushikie nafasi", hepa. Kochi wa ukweli anakuandikia na imeili ya koleji, na jina lake liko kwa tovuti yao. Tafuta namba ya ofisi hapo kwa tovuti, piga mwenyewe, uliza. EducationUSA, ofisi ya ubalozi wa Marekani, hushauri wanafunzi bila kuitisha doh. Anza huko.

Mwisho, buku. Juko si kambi ya mpira. Ukitaka baadaye kuhamia Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chama cha vyuo vya miaka minne, wanataka wastani wa 2.5 kwa 4. Kuna wasee wazito kwa uwanja wamekwama hapo, wakarudi mtaani na stori tu.

So wiki hii ingia eCitizen uanze kuitisha pasi, chukua result slipu yako, rekodi mechi moja nzima. Warefu tuko nao wengi Bungoma na Kitale. Wenye hupanda ndege ni wale makaratasi yao iko tayari siku kochi anajibu.