Je, Wajua? Makaa yasiyo na moshi nayo huua

Mji wa Kolwezi, kusini mwa Kongo (DRC), uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana Juni na Julai, katikati ya kiangazi, mchana wa mtaa wake wa Kapata una jua lakini usiku ni baridi kali. Watu huota moto wa mbabula, jiko la bati lenye matundu. Hatari huanza mlango ukifungwa: makaa mekundu hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Aliyelala huzidiwa bila kuamka. Kabla ya kulala, toa mbabula nje, ongeza blanketi. Ukisikia kichwa kinauma na kichefuchefu, toka nje upesi.