Maili kumi za Sultani: Mstari uliozaa mgogoro wa ardhi Mombasa

MSAFIRI atokaye kisiwani Mombasa kuelekea Nairobi huvuka Makupa na kuingia Kibarani, upande wa bara. Hapo hapana jiwe wala kibao cha kumjulisha kwamba angali ndani ya ukanda ambao, hadi mwaka 1963, ulihesabiwa kisheria kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar.

Ukanda huo haukupimwa na wenyeji. Mwaka 1886 Uingereza, Ujerumani na Ufaransa zilituma wajumbe kuchunguza mamlaka ya Sultani Barghash yalifika wapi. Mwishoni mwa mwaka huo Uingereza na Ujerumani zikaafikiana kumwachia maili kumi za baharini, yaani kilomita 18 na nusu hivi, kutoka ufukweni kwenda bara. Nchi iliyo nyuma ya maili hizo wakagawana wao wenyewe. Warabai na Waduruma, waliolima na kufanya biashara pande zote mbili, hawakuulizwa.

Upande wa kusini Ujerumani iliununua ukanda huo mwaka 1890 kwa maki milioni nne, na suala hilo likaishia hapo. Uingereza, kwa upande wake, ilikodi. Kuanzia mwaka 1895 ilitawala Mombasa kwa jina la Sultani na kumlipa kila mwaka. Hata Kenya ilipofanywa koloni mwaka 1920, ukanda ulibaki nchi lindwa, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea Ngome ya Yesu.

Bendera haikumdhuru mtu. Kilichodhuru ni Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyotumika katika ukanda huo. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa kuthibitisha haki yake mbele ya msajili. Isiyodaiwa ikawa ya serikali. Waarabu na Waswahili wenye nyaraka walipata hati. Wamijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, wengi wao walitoka mikono mitupu. Mtu akalala mkulima, akaamka maskwota.

Uhuru ulipokaribia, wafuasi wa Mwambao walitaka ukanda ujitawale. Sir James Robertson, aliyechunguza suala hilo mwaka 1961, alipendekeza uunganishwe na Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walitia saini. Sultani aliacha madai yake. Kenya ikaahidi kuzilinda mahakama za Kadhi pamoja na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa.

Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo iliyouacha mstari ukiwa hai. Katika mitaa mingi ya Mombasa mtu humiliki kuta na paa, lakini kiwanja kilichobeba nyumba yake ni cha mwingine, na kodi yake hulipwa kizazi baada ya kizazi.