Makaa ya Mawe ya Kiwira na Mustakabali Wake

Msafiri ateremkaye kutoka milima ya Rungwe kwenda tambarare za Kyela, akitazama migomba na mashamba ya mpunga na kakao yalivyositawi, ni nadra kufikiri kwamba katika vilima vya upande wa magharibi, vielekeavyo Ileje, ardhi imeficha mabaki ya misitu iliyokufa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita.

Dahari hizo Afrika ilikuwa imeungana na Bara Hindi, Australia na nchi ya barafu ya kusini. Barafu ilipoyeyuka, mabonde yakawa vinamasi, na mimea, hususan glosopterisi yenye majani mfano wa ulimi, ikaanguka katika maji yasiyo na hewa ya kutosha kuiozesha, ikazikwa na tope na mchanga, hata uzito na joto vikaigeuza kuwa makaa. Wajuzi wa miamba huyaita matabaka hayo Karoo. Baadaye sana ardhi ilipopasuka, likafanyika Bonde la Ufa na Ziwa Nyasa, vipande vya matabaka vilididimia vikasalimika, ilhali kwingineko mvua na mito viliyafagilia mbali. Mpasuko huo basi ndio uliotuhifadhia makaa, na ndio huo huo ulioyakatakata, kiasi kwamba mchimbaji afuataye tabaka aweza kulikosa ghafla, kwa kuwa limeshushwa au kuinuliwa.

Katika vilima hivyo, mgodi wa chini ya ardhi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China, ulifunguliwa mwaka 1988 kwa matarajio ya tani 150,000 kila mwaka, pamoja na mtambo wa umeme wa megawati 6. Mwaka 2005 ulitiwa mikononi mwa watu binafsi, kisha ukarejea kwa serikali, na sasa umo katika dhamana ya shirika la madini la taifa, STAMICO, ambalo pia limechimba kwa njia ya wazi huko Kabulo.

Kwa insafu, thamani ya makaa haipimwi kwa tani zilizolala ardhini peke yake. Makaa ni mzigo mzito wa bei ndogo, na kila kilomita ya barabara hula faida yake. Hivyo mnunuzi aliye karibu, kama kiwanda cha saruji cha Mbeya, ana manufaa zaidi kuliko wa ng'ambo. Kadhalika mkaa mbadala uitwao Rafiki, unaotengenezwa kwa makaa haya, waweza kuipunguzia misitu shoka, maadamu jiko lina njia ya kutolea moshi. Wala tahadhari isisahauliwe: mgodini gesi ya methani yaweza kulipuka, na maji yatokayo kwenye vifusi yaweza kuchafua mito ya Kiwira na Songwe, iingiayo Nyasa.

Kiwira, basi, ni hazina ya kutumiwa karibu, kwa kiasi na kwa hesabu. Tukiichimba kwa pupa tutabakiwa na mashimo. Tukiichimba kwa tadbiri, itawafaa kwanza wale waishio juu yake.